KUPANDA MCHONGOMA, KUSHUKA NDIO NGOMA: Historia ya Breki za Land Rover 109, Kutoka Dramu Mpaka Diski

Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover. Za kijani, za krimu, zilizopakwa rangi juzi na zilizochoka mpaka bodi inacheka, zote zilipanga foleni kwenye tamasha lao. Watu walipiga picha weee. Boneti zilifunguliwa, injini zikasifiwa, wazee wakasimulia ilivyokuwa enzi hizo.

Kitu kimoja hakikupigwa picha. Kipo karibu na miguu ya dereva, kina ukubwa wa kopo la maziwa, na kikigoma hakuna stori tena. Kinaitwa masta silinda, moyo wa breki.

Ndivyo ilivyo kwa magari ya zamani popote pale. Injini ina mashabiki, rangi ina mashabiki, hata honi ina mashabiki, ila breki hukumbukwa siku zikifeli. Na historia ya breki ni tamu kuliko unavyodhani, kwa sababu karibu kila hatua yake inasema jambo lile lile: binadamu alijua kukimbiza gari kabla hajajua kuisimamisha, halafu akaja fundi, mara nyingi asiye na jina, akamwokoa.

Twende taratibu.

FUNDI VIATU WA MWAKA 1888

Agosti 1888, mama mmoja wa Kijerumani, Bertha Benz, alichukua gari iliyotengenezwa na mumewe Carl na kuondoka nayo na vijana wake wawili kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya kilomita 100 na ushee. Ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana duniani.

Breki za gari ile zilikuwa vipande vya mbao vinavyokandamiza tairi. Kwenye miteremko mbao zikaanza kuliwa. Mama hakurudi nyumbani. Alimtafuta fundi viatu njiani, akamwambia apigilie ngozi juu ya zile mbao. Fundi akapigilia, safari ikaendelea.

Ngozi ile ndiyo babu wa brek shuu na pedi za leo. Wanahistoria wanalijua jina la mama, la mume na la kila mji waliopita. Jina la fundi viatu halina umaarufu wowote. Mtu aliyefanya maboresho ya kwanza ya breki yanayojulikana kwenye historia ya magari aliyafanya kando ya barabara, kwa nyundo na misumari, kisha akaendelea na viatu vyake.

Ukitaka kuielewa gereji ya uswahilini, anzia hapo.

DRAMU NA DISKI: MAPACHA WALIOTENGANA

Wengi wanadhani dramu ni ya kale na diski ni ya juzi. Kumbe zote zimeanza kujulikana mwaka mmoja, 1902. Ufaransa, Louis Renault alitengeneza breki ya dramu: sufuria ya chuma inazunguka na tairi, ndani yake shuu zinatanuka na kuikamata. Uingereza, Frederick Lanchester akasajili breki ya diski: sahani inazunguka, vibano vinaibana pande zote mbili.

Dramu ikashinda. Barabara za wakati ule zilikuwa vumbi na matope, na sufuria iliyofunikwa ilijilinda. Diski ya Lanchester ilikaa wazi, vibano vyake vya shaba vikaliwa haraka na kupiga kelele. Ikawekwa kabatini nusu karne.

Kikaja kitu kingine kikubwa, mafuta. Mwanzoni breki zilivutwa kwa waya na vyuma, kama za baiskeli. Tairi moja ilishika mapema, nyingine ikachelewa, gari ikaenda upande. Mmarekani Malcolm Loughead akaleta mfumo wa hidroliki: ukikanyaga pedali unasukuma mafuta, na mafuta hayana upendeleo, yanasukuma kila tairi kwa presha ile ile. Duesenberg ikaingia nayo sokoni 1921, Chrysler ikafuata 1924 kwa bei ya watu wengi zaidi.

Kuanzia hapo, taratibu, magari mengi duniani yakahamia kwenye kitu hicho: dramu nne, mafuta, bomba moja.

1953: MBIO MBILI, MAJIBU MAWILI

Mwaka 1953 magari yalikimbia sehemu mbili tofauti kabisa.

Ufaransa, kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Jaguar C-Type ilishinda ikiwa na breki za diski. Ilikuwa mara ya kwanza mshindi wa Le Mans kupita wastani wa maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160. Siri haikuwa injini peke yake. Dereva wa Jaguar aliweza kuchelewa kukanyaga breki, na saa ya 20 breki zikashika kama za saa ya kwanza. Wenzake wenye dramu zilikuwa zimeshachemka.

Mwaka huo huo huku kwetu zilianza mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally. Ziliandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi, tope na mashimo. Magari yalikuwa ya kawaida ya dukani, yenye dramu.

Ulaya iliona Le Mans na kuelewa. Citroën DS ikatoka 1955 na diski mbele, Triumph TR3 ikafuata 1956, Jaguar XK150 ikaja 1957 na diski nne. Ndani ya miaka minne kitu cha mbio kikawa cha barabarani.

Sasa, gari iliyokuja kupendwa kuliko zote kwenye vijiji vyetu, je? Hiyo ilibaki na dramu.

109 INAINGIA

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilikuwa gari ya shamba. Haikuahidi mwendo wala starehe, iliahidi kufika. Miaka ya kati ya 1950 ikaja ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kama mita 2.77. Mwaka 1958 ikaja Series II, 1961 ikaja IIA, 1971 ikaja Series III iliyodumu mpaka 1985.

Ukisema "mia na tisa" hapa Bongo hakuna haja ya kutaja kampuni. Ilikuwa gari ya polisi, ya hospitali ya misheni, ya bwana shamba, ya mkuu wa wilaya. Ilipozeeka serikalini ikanunuliwa na watu binafsi, ikawa basi la kijiji, ikapanda milima na magunia, mbuzi na mama mjamzito anayewahi hospitali.

Breki zake zilikuwa dramu za inchi 11 tairi zote nne. Na ukweli usemwe, kwa kazi iliyokusudiwa hazikuwa mbaya. Dramu za mbele za 109 zina wili silinda mbili kila tairi, kila moja inasukuma shuu yake kufuata mzunguko, kwa hiyo dramu yenyewe inasaidia kuivuta shuu ijibane zaidi. Gari ikienda mbele, inashika. Ila ikirudi nyuma mlimani, msaada ule unapotea na breki za mbele zinakuwa laini. Dereva wa zamani wa milimani anajua kwa nini utingo alikaa nyuma na jiwe mkononi.

Handibreki nayo ni ya kipekee. Haipo kwenye tairi. Ipo nyuma ya transfa, inakamata propela. Ukipaki, inashika kama gundi. Ukiivuta gari ikiwa kwenye mwendo, unaweza kuvunja ekseli. Kwa hiyo ile imani ya "breki zikifeli nitavuta handibreki" kwenye 109 ni imani ya hatari.

BOMBA MOJA, ROHO NZIMA

Udhaifu mkubwa wa 109 nyingi haukuwa dramu. Ulikuwa bomba.

Kwenye mfumo wa zamani masta silinda ina chumba kimoja. Mafuta yakitoka hapo yanagawanyika kwenda tairi nne. Rabba ya wili silinda ya nyuma kushoto ikichoka na kuvuja, mafuta ya tairi zote yanatokea hapo hapo. Hozi moja ikipasuka, pedali inagusa sakafu. Hakuna nusu breki. Ni zote au hakuna.

Dawa yake ni masta silinda yenye vyumba viwili, kimoja kwa tairi za mbele na kingine kwa za nyuma. Upande mmoja ukipasuka, mwingine unabaki. Gari itasimama kwa shida, lakini itasimama. Marekani mfumo huo ulikuwa umeenea kwenye magari mapya kufikia 1967 na 1968. Kampuni iliyotengeneza Land Rover nayo iliutumia kwenye Range Rover ya 1970, pamoja na diski tairi zote nne. Yaani kiwanda kilijua. Lakini 109 ya kazi iliendelea kutoka na bomba moja kwa miaka mingine, na vyumba viwili vikawa kitu cha kawaida kwake karibu na mwisho wa uhai wa Series III.

Kwa hiyo 109 nyingi zilizotufikia zilikuwa na uzi mmoja kati ya abiria 12 na korongo.

"BOSI, PAMPU MARA MBILI INASHIKA"

Kila aliyewahi kupanda gari ya zamani anaijua sentensi hii. Dereva anaambiwa na fundi: bosi, ukikanyaga mara ya kwanza inaenda chini, pampu mara mbili inashika. Na kweli inashika. Kwa nini?

Shuu zikiliwa, nafasi kati yake na dramu inakuwa kubwa. Kanyago la kwanza linatumika kuziba nafasi tu. Ukiachia na kukanyaga haraka kabla shuu hazijarudi, kanyago la pili ndilo linalobana. Hewa ikiingia kwenye bomba inakuwa vile vile: la kwanza linakandamiza hewa, la pili linasukuma mafuta. Dawa ni kurekebisha shuu kwa ile bolti ya nyuma ya sahani, au kutoa upepo kwenye mfumo. Kazi ya saa moja au mbili.

Lakini spea zilikuwa adimu. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, kupata rabba mpya ya masta silinda wilayani ilikuwa bahati. Hapo ndipo mafundi walipoingia na ujuzi wao. Kuna waliokereza dramu zilizoliwa mpaka zikabaki nyembamba. Kuna waliopigilia liningi ya lori kwenye shuu ya Land Rover na kuikata kwa msumeno. Tairi moja ikivuja, bomba lake likakunjwa na kugongwa nyundo ili tatu zilizobaki zifanye kazi, halafu dereva akafundishwa kushika usukani kwa nguvu kwa sababu gari itavuta upande mmoja. Mafuta ya breki yakiisha porini, wapo waliojaza maji ya sabuni ili wafike.

Watu hawa walifikisha wagonjwa hospitali. Heshima yao ipo. Ila kila ujanja ule ulikuwa na bei. Dramu nyembamba inapata joto haraka na inaweza kupasuka. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama puto, pedali inazama. Ukitia oili ya injini badala ya fluidi ya breki, rabba zote zinavimba na kuharibika, hata zilizokuwa nzima.

HESABU YA MTEREMKO

Fizikia ya sekondari kidogo. Usiogope.

109 iliyopakia ina kama tani 2 na nusu. Chukua mteremko wowote unaoujua: Kitonga, Sekenke, Lushoto kushuka Mombo, au Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro ambako unashuka karibu mita 600. Gari ikishuka mita 600 kwa breki peke yake, nguvu yote ya uzito inageuka joto kwenye dramu. Ukipiga hesabu, joto lile linatosha kuchukua ndoo mbili za lita 20 za maji ya kawaida na kuzifikisha kwenye kuchemka.

Ndoo mbili za maji zinazotokota, zimegawanywa kwenye sufuria nne za chuma zilizofunikwa. Liningi zinaanza kuteleza. Chuma kikipata joto kinatanuka, dramu inajikimbiza mbali na shuu, pedali inazidi kwenda chini. Dereva anasikia harufu kama ya klachi iliyoungua, anakanyaga zaidi, joto linazidi. Kitaalamu breki hazijafeli, zimechoka, lakini korongo halijui tofauti.

Wazee walikuwa na jibu la bure: shuka na gia uliyopandia. Injini inazuia gari, breki zinagusiwa tu kwenye kona. Anayeweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta anaokoa lita na kuuza roho. Kushuka ndio ngoma, na ngoma yenyewe ipo ndani ya tairi.

INJINI MPYA, BREKI ZA BABU

Balaa lilikuja na neema. Injini ya asili ya 109 ya petroli, lita 2.25, ilitoa farasi 70 na kidogo. Dizeli yake ilikuwa chini zaidi, kama farasi 62. Gari ilipanda polepole na kushuka polepole, na ule upole ulificha udhaifu wa breki.

Halafu zikaanza kupatikana injini za mtumba. Isuzu, Nissan, Toyota, na kubwa kuliko zote kwa wapenzi wa Land Rover, 300Tdi iliyotoka 1994 na farasi 111. Mafundi wakazipachika kwenye 109 za babu. Mwenye gari akafurahi ile mbaya: zamani kwenye lami alipitwa na mabasi, sasa anayapita.

Lakini nguvu ya mwendo haiongezeki kwa kujumlisha. Ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, breki zinatakiwa kumeza nguvu mara nne, siyo mara mbili. Gari ilipewa karibu mara mbili ya nguvu za zamani, ikaachiwa shuu zile zile, bomba lile lile, masta silinda ile ile yenye kutu. Kwenye gereji nyingi fedha zote ziliishia kwenye injini, turbo na rimu. Breki zikaambiwa zisubiri mwisho wa mwezi.

DISKI ZINAFIKA GEREJI

Mwaka 1983 Land Rover ikatoa One Ten, mama wa Defender, ikiwa na diski mbele tangu kiwandani. Miaka ya 1990 zikaja na diski nyuma pia. Gari hizo zikafanya kazi ya utalii na ya mashirika, zikapata ajali, zikachinjwa. Spea zikaanza kupatikana, na fundi wa 109 akapata wazo: kwa nini tusihamishe?

Faida ya diski ilikuwa wazi. Inakaa kwenye hewa, inapoa haraka. Ikipata joto haijikimbizi mbali na pedi. Ukivuka mto, inajikausha baada ya mizunguko michache, wakati dramu inabaki na maji na tope tumboni. Kuangalia pedi kama zimekwisha huhitaji kufungua kila kitu.

Lakini wengi waliorukia jambo hili waligonga mwamba, na mwamba una sura nne.

Wa kwanza ni upana. Ekseli ya Defender ni pana kuliko ya 109 kwa inchi 7 hivi. Tairi zinatoka nje ya bodi, zinarusha tope kwenye vioo, na madafu ya chuma lazima yachongwe. Pia Defender hukaa kwenye springi za mviringo wakati 109 inakaa kwenye pataski, kwa hiyo vikalio vinakatwa na kuchomelewa upya. Uchomeleaji wa ekseli siyo wa kumpa kijana anayejifunza.

Wa pili ni difu, na huu ndio mtego mbaya. 109 ina difu ya 4.7, Defender ina ya 3.54. Ukibadili ekseli ya mbele tu ili upate diski, siku ukiingiza 4WD mbele na nyuma zinagombana mpaka kitu kivunjike. Ukibadili zote mbili bila kugusa gia za transfa, gari inakuwa nyepesi kwa spidi, ila uzuiaji wa injini kwenye mteremko unapungua karibu robo. Yaani umeweka diski ili ushuke salama, kumbe umepunguza breki ya bure uliyokuwa nayo. Wajuzi huhamisha difu za 4.7 kuingia kwenye ekseli mpya.

Wa tatu ni busta. Dramu ya 109 inajisaidia kubana, diski haijisaidii. Inataka presha kubwa zaidi. Bila busta mguu unachoka, na mwenye gari anaanza kulalamika kwamba diski ni mbovu kuliko dramu.

Wa nne ni masta silinda. Ile ya dramu mara nyingi ina valvu ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukiachia pedali. Kwenye dramu inafaa, inazuia hewa kuingia. Kwenye diski inafanya pedi zisiachie kabisa. Gari inakuwa nzito, diski zinapata joto, fluidi inachemka. Wangapi wamebadili pedi mara tatu bila kujua adui yupo juu, karibu na pedali?

WALIOFAULU WALIANZIA WAPI

Ukifuatilia 109 za zamani ambazo mpaka leo zinapiga kazi milimani, utagundua kwamba waliofaulu hawakuanza na diski. Mpangilio wao ulikuwa wa kibahili lakini wa akili.

Kwanza walirudisha kilichopo: mabomba mapya, hozi mpya, wili silinda mpya, dramu zisizopitiliza kipimo, fluidi mpya. Fluidi inanywa unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, ila ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 155. Ndiyo maana inabadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama haijapungua.

Pili waliweka masta silinda ya vyumba viwili na busta yake, kama zile za Series III za mwisho. Hili halionekani kwenye picha na halisifiwi kwenye tamasha. Lakini ndilo linaloondoa kifo cha ghafla. Dramu nzima zenye njia mbili ni salama kuliko diski za kung'aa zenye bomba moja.

Tatu ndiyo wakaenda kwenye diski za mbele, pale tu injini ilipokuwa imeongezwa nguvu au gari inashuka na mzigo kila siku. Mbele, kwa sababu ukikanyaga breki uzito unahamia mbele na tairi za mbele zinafanya kazi kubwa. Nyuma dramu inatosha kwa wengi.

Halafu walijaribu kwenye uwanja wa wazi, mwendo mdogo, kabla ya kurudi mlimani.

VUMBI LA FUNDI

Kuna deni moja kwenye historia hii. Liningi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kwa sababu inastahimili joto. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta saratani, na ugonjwa unakuja miaka mingi baadaye, mtu ameshasahau alikuwa wapi. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto 1999.

Fikiria sasa kijana wa gereji, miaka ile, anafungua dramu la 109. Limejaa unga wa kijivu. Anafanya nini? Anainama, anavuta pumzi, anapuliza kwa mdomo. Mara ngapi kwa wiki, miaka mingapi? Hakuna aliyemwambia. Mpaka leo ukifungua dramu ambalo hujui liningi yake ni ya lini, usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Loanisha, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitupwe mbali na watoto.

Fundi viatu wa 1888 alipigilia ngozi, safari ikaendelea, dunia ikakumbuka gari. Mafundi wa 109 wamepigilia liningi, wamekereza dramu, wamevuta vumbi, na vijiji vizima vikashuka salama. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote cha Land Rover. Yapo kwenye watu waliofika.

Kumuenzi fundi wa namna hii siyo lazima picha. Ni kumlipa kazi ya breki bila kumwambia "fanya fanya tu nitarudi", kumnunulia spea anayotaja badala ya ya bei nusu, na kumsikiliza akisema gari hii leo isishuke.

Mdau mwenye chuma cha zamani, swali ni jepesi. Kabla hujasimulia farasi wa injini yako: masta silinda ina chumba kimoja au viwili? Na fluidi ilibadilishwa lini mara ya mwisho? Kama huna jibu, mlima usubiri.